Ni Hewa Tu, Ukishuka Itapona

Mtu akija kibandani kwangu akaniambia gari lake linasumbua lakini "ni hewa tu", namfukuza. Nafunika spea zangu kwa turubai nasema, kasera, leo siuzi, nenda zako. Kasera ndivyo tunavyoitana hapa sokoni, muuzaji na mnunuzi, na mimi nimeitana hivyo na watu kwa miaka ishirini na tatu nikiwauzia vyuma vilivyokwisha kutumika Japani: giaboksi, rejeta, milango, injini nzima nzima. Wenzangu wa mstari huu wananong'ona kwamba Gumercinda siku hizi ana ulimi wa pilipili. Ulimi ninao, tena tangu zamani, na ndio ulioniponza. Nisikilizeni niwape habari za shemeji yangu Saturnino, halafu mtaamua kama nina haki ya kufukuza watu.

Saturnino Callisaya, mume wa mdogo wangu Casimira, alikuwa mtu wa polepole. Ukimuuliza saa, kwanza anafuta mikono, halafu anatoa saa mfukoni, anaitazama, anaitikisa, ndipo anakujibu, na hapo wewe umeshasahau ulichouliza. Nati akiikaza, analizunguka gari, anarudi kuigusa, anaondoka, anarudi tena. Mara tatu, kila nati. Casimira alikuwa akimtania: "Satu, hiyo nati unaifunga au unaichumbia?" Naye bila kuinua kichwa: "Wewe nilikuzunguka mara ngapi kabla sijakuoa?" "Mara tatu." "Na umelegea?" Basi tunacheka mpaka machozi yanatutoka.

Kazi yake ilikuwa barabara ya Yungas. Alipakia sukari, unga na mafuta ya kula huku kwetu El Alto kwenye baridi, akavuka kilele, akashuka mpaka Coripata kwenye joto, akarudi na machungwa na kahawa. Gari lake lilikuwa Landkruza pikapu la mwaka sabini na mbili, la petroli, rangi yake ya kijani imebaki kwenye kona kona tu. Casimira hakukosa safari hata moja. Alikaa kulia kwa mumewe, kofia yake ya duara mapajani, na kazi yake ilikuwa kumsemesha asisinzie, na kuteremka kutazama gurudumu la nyuma pale walipolazimika kurudi nyuma kupisha lori. Maana barabara ile kule chini ni upana wa gari moja na nusu. Anayepanda hushika ukuta wa mlima; anayeshuka hushika kushoto, ukingoni, dereva atoe kichwa dirishani aone tairi lake linakanyaga nini. Ni kinyume cha nchi nzima, lakini ndiyo sheria ya huko na kila dereva anaijua.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa tano, ile injini ya petroli ilichoka kabisa. Ilipanda mlima kwa kuhema, ikachemsha maji kila baada ya kona mbili tatu, na machungwa ya Coripata yalikuwa yanaiva. Saturnino akaja kibandani kwangu, akafuta mikono, akasema, "Shemeji, nataka dizeli."

Nilikuwa nayo. Nusu ya mbele ya gari, imekatwa hukohuko Japani, na ndani yake injini ya dizeli ya mwaka themanini na nane, safi, imekaa kwangu wiki tano. "Hii ni bwana harusi," nikamwambia. "Inangoja suti tu." Akaizunguka mara tatu. Akapitisha mkono huku, akapitisha mkono kule, akasimama.

"Shemeji, altaneta hii ndiyo yake?"

Hapo ndipo. Laiti ningekuwa bubu siku ile! Wiki mbili kabla, mzee mmoja wa Oruro, Don Froilán, alikuja kwangu akihangaika kutafuta altaneta ya kuchajia betri ya lori lake, na mimi nikamfungulia iliyokuwa kwenye injini ile. Ilikuwa nzito, ina kinundu nyuma chenye ukubwa wa ngumi na mirija miwili midogo. Kinundu kile sikujua ni cha nini. Mahali pake nikafunga altaneta nyingine, nyepesi, iliyotoka kwenye gari la petroli, inayochaji vizuri tu. Ningemwambia Saturnino hivyohivyo, kwa maneno hayohayo, nisingepungukiwa na kitu. Lakini niliona haya kumpa shemeji injini iliyokwanyuliwa kiungo. Tena nilizoea kusifiwa kwamba Gume hachanganyi vyuma.

"Ndiyo yenyewe," nikasema. "Imetoka nayo Japani."

Akaitikia kwa kichwa. Nati aliirudia mara tatu, lakini neno langu alilipokea mara moja akaenda kutafuta mkokoteni.

Uani kwao alisimamisha magogo matatu ya mkaratusi, akayafunga vichwa, akaning'iniza chenibloki, ile minyororo ya kuinulia injini. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa barafu na chuma kinang'ata vidole, kwa hiyo aliingia kazini jua likishapanda, akatoka kivuli kikishagusa ukuta. Nati zote alizipanga kwenye makopo ya maziwa, kila kopo jina lake kwa mkaa. Injini ya zamani ilipotoka, Casimira alikataa itupwe pembeni hivihivi.

"Imetulisha miaka kumi na saba," alisema. "Iwekeeni kitu chini. Tena hii tuimwagie pombe kwanza, ndipo hiyo mpya, isije ikaona wivu."

"Chuma kinaona wivu?" nikamuuliza.

"Dada, wewe ungetolewa nje, ukamwona mwenzio anaingia chumbani kwako na fani belti mpya, ungekenua meno?"

Tukaikalisha juu ya tairi mbili. Casimira akaifunika kwa kitambaa chake cha mistari cha kubebea mzigo, akaidondoshea pombe kali huku akiishukuru kwa kila safari aliyoikumbuka. Kuanzia siku ile kila baya lililotokea uani lilikuwa wivu wa injini ile. Spana ilimwangukia Saturnino mguuni: wivu. Mbwa alimwaga kopo la nati: wivu. Mimi nilicheka kuliko wote. Sote tulikuwa tunatazama kwenye ile kona, kwenye chuma kizee kisicho na kosa lolote.

Kazi haikuwa rahisi. Vishikio vya injini havikulingana na chesesi, akakata vipya kwa kufuatisha vipande vya boksi, akachomea. Giaboksi ilikuwa ndefu, akakata sakafu. Rejeta akaisogeza mbele kwa upana wa viganja viwili. Wiki ya pili akaniita. "Shemeji, njoo uone kitu."

Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu dogo lenye nyuzi za skrubu.

"Nikiizungusha kwa mkono oili inatoka hapa," alisema. "Inataka kwenda mahali. Inakwenda wapi?"

Sikujua. Lakini neno sijui lilikuwa halijawahi kunitoka mbele ya mtu yeyote anayenunua kwangu, na nilikuwa na njaa, na kibanda nimekiacha kwa jirani. "Hilo? Wajapani hao wanapenda matundu. Ziba."

Casimira alikuwa anamenya viazi mlangoni. "Dada, mimi nikiziba matundu yote nisiyojua kazi yake, si nitapasuka?"

Tukacheka. Hata Saturnino alicheka. Akatafuta boliti ndani ya makopo, akaizungushia utepe, akaziba. Akaondoka, akarudi kuigusa, mara tatu. Haikuvuja hata tone.

Jumamosi iliyofuata injini iliwaka. Moshi mweusi ulijaza uani, ukavuka ukuta, jirani akapiga kelele kwamba tunamchafulia nguo zake kambani. "Ni hewa!" watu wakasema. "Huku juu dizeli lazima ifuke. Ikishuka itaacha." Na ni kweli, ubaya wa jambo hili ni kwamba mara nyingi ni kweli. Huku kwetu hewa ni nyepesi mno, ndiyo inayobeba lawama zote. Maharage yanakataa kuiva: hewa. Mgeni anatapika ngazini: hewa. Gari halina nguvu, mpira haudundi sawasawa, mume anakoroma: hewa. Ukishuka chini yote yanapona, isipokuwa mume.

Saturnino akaliendesha mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akashuka. Hakuwa na uso wa mtu aliyefurahi.

"Breki ni ngumu," alisema. "Kama nakanyaga jiwe."

Mbele ya dereva kuna busta, lile kopo kubwa la bati linalosaidia mguu kusukuma breki. Linafanya kazi kwa kunyonywa hewa, na kwenye injini ya petroli hewa hiyo hunyonywa na injini yenyewe. Saturnino alikulia kwenye petroli. Mpira wa busta aliuchomeka palepale ulipokuwaga, kwenye njia ya hewa ya injini. Akafungua boneti, akaushika ule mpira, akasikiliza kwa vidole.

"Haivuti," alisema. "Yaani inavuta kidogo mno. Shemeji, wewe umeona injini nyingi. Hizi za dizeli zinakuwaje?"

Jamani, alinipa nafasi ya tatu. Mara tatu, kama kawaida yake. Na mimi, mwanamke mzima mwenye akili zangu, nikasema:

"Ni hewa tu. Ukishuka itapona."

Akafikiri. "Inaingia akilini," alisema. "Busta linaishi kwa hewa, na hewa huku haipo." Na kwa kuwa gari lilikuwa tupu na mtaa wetu ni tambarare, lilisimama pale alipotaka lisimame. Casimira akapanda, akaikanyaga breki kwa miguu yote miwili. "Hii inataka mguu wa ng'ombe," alisema. Akashuka, akafunga mlango. "Satu, kwa nini tusingoje wiki moja? Umtafute fundi wa dizeli pale mjini, aitazame."

"Machungwa yataanguka."

"Yaanguke."

"Dada yako amesema ni hewa."

Casimira akanitazama. Nilimlea mimi baada ya mama yetu kufa, nilimsuka nywele mpaka siku ya harusi yake, na hakuna siku aliyowahi kunishuku. "Haya," alisema. "Kama dada amesema, basi."

Nililala vibaya siku zile. Sikujua naogopa nini. Nilijiambia ni ile injini ya pembeni, nikaenda kuimwagia pombe mwenyewe.

Waliondoka Alhamisi, siku ya soko, saa nne asubuhi, wamejaza unga na sukari mpaka springi zimenyooka. Walipita mbele ya kibanda changu wakapiga honi. Casimira alitoa mkono dirishani akanitupia karatasi za rangi kichwani, zile zilizobaki kwenye sherehe ya kulimwagia gari pombe. Nilikuwa bado nazitoa kwenye nywele pale Don Froilán wa Oruro aliposimama mbele yangu na mfuko wa sandarusi.

"Kasera, nibadilishie," alisema. "Nataka ya kawaida. Hii ina pampu nyuma, mimi ya nini? Lori langu lina breki za upepo."

"Pampu gani?"

"Hii." Akagonga kile kinundu kwa ukucha. "Dizeli haivuti hewa kama petroli. Pampu hii ndiyo inayolivutia busta la breki. Ina mpaka njia yake ya oili, inachomekwa ubavuni mwa injini. Aliyechukua injini hii atakuwa anakanyaga pedali ya mbao. Ulimuuzia nani, wewe mama?"

 Nikamuuliza, "Akishuka, inapona?"

"Nini inapona?"

"Breki. Akishuka kwenye hewa nzito."

Mzee akanitazama kama anayetazama mtoto. "Kasera, pampu ambayo haipo itaponaje?"

Sikufunga kibanda. Niliitia altaneta ile ndani ya kitambaa changu cha mgongoni, nikaibeba mgongoni, nikafunga fundo kifuani, nikakimbia. Nilishuka mjini, nikavuka mpaka kituo cha magari ya Yungas, nikajipenyeza kwenye basi dogo lililokuwa linaondoka, na njia nzima nikawa nahesabu: watasimama kileleni. Lazima wasimame kileleni. Hakuna dereva anayeshuka Yungas bila kuumwagia mlima pombe kwanza, na Saturnino humwagia polepole, mara tatu kila gurudumu. Nilikuwa nimeinama kwenye kiti mpaka dereva akaniambia, "Mama, kaa vizuri, huwezi kulisukuma basi kwa kichwa." Watu wakacheka.

Kileleni palikuwa na theluji ya hapa na pale na mwanamke anayeuza pombe na majani ya koka. Nikaruka chini, nikamuuliza.

"Wale wa kijani?" alisema. "Wamemwagia vizuri sana, mlima umekunywa. Mke kamwagia mpaka pedali ya breki, anasema hii ndiyo yenye kiu. Watu wa mzaha wale! Wameondoka muda wa kula sahani moja ya supu."

Kuanzia hapo ni mteremko mtupu. Kule Unduavi, kwenye kizuizi, mama mmoja anayekaanga samaki aliniambia kabla sijamaliza kuuliza. Magurudumu yalikuwa yananuka na kutoa moshi. Mwanamume ameyamwagia maji, amesubiri, ameikanyaga ile breki gari likiwa limesimama, tena na tena. "Nikamwambia, baba, pumzika. Akasema, bado tuko juu, mama, ndio maana. Tukifika chini itapona."

Maneno yangu yalikuwa yametangulia. Yalikuwa ndani ya gari lile, yanamwendesha.

Lami ikaisha. Ukungu ukaingia. Basi likahamia kushoto, ukingoni, dereva akatoa kichwa nje. Hatukwenda mbali, mbele yetu magari yalikuwa yamesimama mstari, moja nyuma ya jingine, na watu wamesimama njiani bila kupigiana honi. Dereva wa Yungas asipopiga honi jua kuna jambo. Nikateremka nikatembea. Nilipita magari tisa. Nilijua tangu la kwanza.

Landkruza lilikuwa limekata barabara, pua yake ndani ya ukuta wa mlima. Baadaye Saturnino alinieleza: mguu ulikuwa hauwezi tena, gari limekolea mwendo, kona iko mbele, na kushoto kwake hakuna kitu, ni ukungu tu. Akakata kulia, kwenye ukuta. Ukuta uliingia upande wa kulia, na kulia ndiko alikokaa mdogo wangu.

Walikuwa wamemlaza juu ya magunia ya unga, kofia yake juu ya uso. Karatasi za rangi zilikuwa bado kwenye shali lake. Nilikaa chini pale matopeni nikamshika mguu, maana mguu ndio uliokuwa karibu, na ulikuwa bado na joto. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu.

Abiria mmoja, mama wa makamo, akainama akagusa mzigo wangu wa mgongoni kwa upole. "Mama, na mtoto je? Hajaumia?"

Nikamjibu, "Hajaumia."

Saturnino alikuwa ameegemezwa kwenye tairi, goti limegeuka. Aliponiona alianza kuomba radhi. "Shemeji, nisamehe. Ulisema itapona chini. Kila kona nilikuwa naijaribu. Sikushuka vya kutosha, ningevumilia kidogo, nilikuwa bado kidogo tu."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Kitu chenyewe nilikuwa nacho, kinanichoma uti wa mgongo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ni wivu wa ile injini."

Akaniamini. Alipotoka hospitali na mguu usiokunjika, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwenye ile kona ya ua, kuondoa kitambaa cha Casimira, kukikunja vizuri, na kuivunja injini ya zamani kwa nyundo kubwa. Siku nzima. Alifanya polepole, kama alivyofanya kila kitu. Nilimletea chakula nikasimama kumtazama akikipiga kile chuma kilicholisha nyumba yake miaka kumi na saba, nami nikashika sahani, nikanyamaza.

Hakuendesha tena. Alikuwa akija kibandani kwangu siku za soko, anakaa kwenye ndoo, ananisaidia kusafisha vyuma, hanidai kitu. Watu wakisema shemeji yako ana moyo, naitikia.

Kwetu mtu akifa huandaliwa meza miaka mitatu. Siku ya Watakatifu Wote saa sita mchana roho yake hufika nyumbani, hula, hukaa na watu wake, na kesho yake saa sita huondoka. Mwaka wa kwanza nilioka mikate yenye sura za watu, mkate wa ngazi wa kupandia, nikaweka supu ya karanga na machungwa, na altaneta nikaiacha uvunguni mwa kitanda. Mwaka wa pili hivyohivyo. Mwaka wa tatu ni wa mwisho. Baada ya hapo roho haiiti mtu na haiitwi. Nikaona kwamba Casimira atakuja, atakula, ataondoka moja kwa moja bila kujua ni nani aliyemuua, na atakuwa ameagana nami vizuri, amenishukuru kwa supu. Sikuweza. Nikaitoa, nikaifuta, nikaiweka katikati ya mikate.

Watu waliokuja kusali waliitazama wakafikiri ni kitu cha kazi yake ya safari. Saturnino hakuiona siku ya kwanza, kulikuwa na watu wengi. Siku ya pili asubuhi tulibaki wawili. Akasogea mezani kupanga maua, akasimama. Akafuta mikono. Akaichukua.

Aliigeuza mara tatu. Akaweka dole gumba kwenye mrija wa kile kinundu, na kwa mkono wa pili akazungusha puli. Nikaona ngozi ya dole lake inaingia ndani.

"Inavuta," alisema.

Nikaweka bakuli la supu mezani.

"Ya nani hii?"

"Ya injini yako. Nilikuwa nimeshamuuzia mtu wa Oruro. Ukaniuliza, nikakudanganya."

"Ulijua kazi yake?"

"Kazi yake sikujua. Kwamba ile uliyopewa si yake, nilijua. Na lile tundu sikujua, na breki sikujua, nikasema najua. Na siku ile kule barabarani nilikuwa nayo mgongoni."

 Aliirudisha mezani palepale ilipokuwa, akaunyoosha mkate mmoja ulioegemea. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, Mungu ananijua, ningemshukuru. Akatoa saa mfukoni, akaitazama, akaitikisa, akaitazama tena.

"Saa tano na dakika arobaini," alisema.  "Usiniambie mimi. Mwambie yeye. Bado yupo mpaka saa sita."

Akachukua fimbo yake akatoka uani, akavuta mlango. Nikapiga magoti mbele ya meza. Supu ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Kasi, mdogo wangu," nikasema. "Haikuwa hewa."